Gari la Yatima na Dhamana ya Kulitunza

Twapenda kulijibu swali ambalo tumeulizwa mara nyingi, barazani na hata mlangoni pa msikiti. Watu huuliza: vipi mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni kuwasomesha watoto herufi na irabu, huonekana uani kwa watu mikono imejaa grisi, amelala chini ya gari la fakhari? Wako waliocheka tu, na kucheka hakuna dhara. Lakini wako waliodhani kuwa tumeghilibiwa na dunia katika umri wetu huu wa miaka hamsini na kitu. Basi twaona ni bora tuieleze khabari hii kwa ukamilifu, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalozihusu nyumba nyingi za Waislamu.

Gari hilo si letu. Lilikuwa la rafiki yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki hapa Mombasa mwaka 2016. Kabla ya kufa alituusia tuwe wasii wa mali za watoto wake wadogo. Yalipokwisha kulipwa madeni na mirathi ikagawanywa, gari likakadiriwa thamani na watu wawili waadilifu, na kwa ridhaa ya warithi wote wakubwa likaingia katika fungu la mtoto wa kiume wa mwisho. Wakati huo mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa. Katika fungu lake mlikuwa pia na sehemu ya kodi ya chumba kimoja cha duka. Hayo mawili, gari na kodi, ndiyo mali yake yote duniani.

Yafaa tuseme ni gari gani, maana si kila gari lastahili mashaka haya. Ni Datsun 240Z, gari la milango miwili na viti viwili, lenye boneti refu na mgongo ulioteremka. Kampuni ya Nissan ya Japani ililitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1969, na hili la marehemu ni la mwaka 1972. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa kwa safu moja, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,393. Vijana wa leo huenda wasijue kuwa jina la gari hili lilivuma katika nchi zetu. Mwaka 1971 lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na la pili pia lilikuwa 240Z. Mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda. Mwaka huo Mehta na dereva mwingine wa Datsun, Harry Källström, walilingana alama, na ushindi akapewa Mehta kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Wazee waliosimama kando ya barabara za vumbi siku hizo bado wayasimulia mambo hayo. Na kwa kuwa magari haya yamekuwa adimu, yaliyotunzwa vizuri yamepanda thamani sana katika miaka ya karibuni, na yaliyoachwa kuliwa na kutu hayana thamani ila ya chuma chakavu.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Kila Muislamu ajua ukali wa Qur-ani juu ya mali ya yatima, na kwamba haikaribiwi ila kwa njia iliyo bora. Sasa njia iliyo bora ni ipi kwa gari? Ami yake mtoto alishauri liuzwe mara moja, na mnunuzi alikuwapo. Mama yake alitaka libaki, kwa kuwa ni kumbukumbu ya mumewe. Sisi tuliwaambia wote wawili kwamba kuuza si haramu na kuweka si wajibu. Lililo wajibu ni kutazama maslaha ya mtoto. Bei aliyoitaja mnunuzi ilikuwa chini mno ya ile waliyoikadiria waadilifu. Tukaamua libaki, lakini tukajiwekea mpaka: gharama za mwaka zisizidi robo ya fungu lake la kodi. Zikizidi, gari litauzwa, kwa sababu masomo ya mtoto ni bora kuliko chuma. Mpaka huo tukauandika katika daftari, na mama na ami wakatia sahihi.

Wengi hudhani kwamba gari lisiloendeshwa halichakai. Hayo si kweli, wala sisi hatukuyajua mpaka tulipokaa na fundi mmoja mzee wa mtaa wetu, ambaye amezishika injini hizi tangu ujana wake. Gari likilala, petroli huharibika na kuacha utandu kama gundi ndani ya kabureta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ule huzila silinda za breki kwa ndani. Betri hufa. Matairi hukakamaa na kupasuka ubavuni hata kama kashata zake ni nzima. Kwa hivyo tairi huhesabiwa kwa umri wake, na ubavuni mwake mna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka liliotengenezwa. Na kwetu sisi wa pwani adui mkubwa kuliko wote ni upepo wa chumvi. Gari hili khasa lajulikana kwa kushikwa na kutu: chini ya betri, sakafuni, katika vizingiti vya milango na chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo maji hutuama vitundu vya kuyatolea vinapoziba kwa taka.

Mwaka wa kwanza tulilipeleka gari katika gereji moja ya mjini. Hatutaitaja, maana makusudio yetu si kumvunjia mtu heshima. Tulipewa hati iliyoandikwa kuwa vali zote kumi na mbili zimepimwa na kurekebishwa, na tukatakiwa fedha zisizo haba. Fundi mzee alipolitazama gari akatuonyesha vumbi na rangi kuukuu juu ya vichwa vya skrubu za kifuniko cha injini. Kifuniko hakikufunguliwa hata kidogo, na vali haziwezi kupimwa bila ya kukifungua. Tukarudi tukawauliza kwa upole. Wakatujibu kuwa fundi wao hupima kwa kusikiliza! Tukasema: fedha hizi si zetu hata tuzisamehe, ni za yatima. Wakarudisha nusu yake, nayo tukaiandika daftarini. Tangu siku ile kazi tukaifanya uani wenyewe, mzee yule akitufundisha, na malipo yake yakawa kahawa na ujira mdogo wa haki ambao naye aliutilia sahihi.

Elimu yetu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi tu. Lakini tuliiona kazi ya kulitunza gari kuwa ni kama kudurusu: haitaki akili nyingi kuliko inavyotaka kutosahau siku yake. Basi tukapanga nyakati tatu.

Kila mwezi mara moja hutazamwa oili kwa kijiti chake, maji ya rejeta, mafuta ya breki na ya klachi, na upepo wa matairi. Kisha gari huendeshwa mpaka Mtwapa na kurudi. Hupashwi moto dakika tano na kuzimwa, maana injini isiyopata moto wa kutosha hukusanya maji ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi, na maji hayo huleta kutu. Ikienda nusu saa nzima, unyevu huondoka. Mwendo huo ndio pekee tuliolipanda gari lile. Hatukulipeleka sokoni wala mazikoni, na mvua iliponyesha tulikwenda chuoni kwa miguu. Mtu asidhani kuwa ni ukali kupita kiasi. Aliyepewa kitu akitunze hakupewa akitumie.

Kila mwaka hubadilishwa oili na filta yake. Kitabu cha gari huhesabu kilomita, lakini gari letu halifiki kilomita 500 kwa mwaka, kwa hivyo tumehesabu kwa miezi. Oili huhitaji kuchaguliwa. Katika injini hii kemshafti husugua juu ya vyuma vinavyozisukuma vali, na oili nyingi za siku hizi zimepunguzwa dawa ya zinki na fosforasi ili zisiharibu vichujio vya moshi vya magari mapya. Fundi alituagiza tutafute iliyo na dawa hiyo ya kutosha. Vilevile oili ya gia si moja na ile ya difu. Ile kali ya difu, yenye alama ya GL-5, huweza kuudhuru mchanganyiko wa shaba ulio ndani ya gia, na gia hutiwa yenye alama ya GL-4. Mtu asiyejua hutia moja kote, na makosa hayo hayaonekani ila baada ya miaka.

Kisha hutolewa plagi sita. Hutolewa injini ikiwa imepoa, kwa kuwa kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na nyuzi zake ni laini kuliko za chuma cha plagi. Wakati wa kuzirudisha huanzwa kwa vidole, wala haitiwi spana mpaka ziwe zimeingia kwa wepesi. Rangi ya plagi husema khabari za ndani: hudhurungi nyepesi ni salama, nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, nyeupe, petroli ni chache na moto ni mwingi. Kisha husafishwa pointi za distribyuta na kupimwa uwazi wake, nao ni baina ya milimita 0.45 na 0.55.

Kazi ya vali huifanya baada ya sala ya alfajiri, injini ikiwa baridi, kabla ya watoto kufika chuoni. Hufunguliwa kifuniko, injini huzungushwa kwa mkono mpaka nundu ya kemshafti itazame juu, na hapo huingizwa bati jembamba la kupimia. Vali ya kuingizia hewa hutakiwa uwazi wa milimita 0.20, na ya kutolea moshi 0.25. Uwazi ukiwa mkubwa, injini hupiga kelele na vyuma hulana. Ukiwa mdogo, haisikiki kelele yoyote, na hiyo ndiyo khatari, maana vali haifungi barabara, moto hupita pembeni yake, ikaungua. Tuliposikia hayo ndipo tulipofahamu kuwa yule wa kupima kwa kusikiliza asingeweza kuusikia ugonjwa ulio mbaya zaidi.

Kila miaka miwili humwagwa mafuta ya breki na ya klachi yakatiwa mapya, na maji ya rejeta hubadilishwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Dawa hiyo si anasa. Bloki ya injini ni ya chuma na kichwa chake ni cha aluminiamu, na maji matupu yakikaa baina ya madini hayo mawili, aluminiamu huliwa polepole mpaka mikondo ya maji iharibike.

Mtoto naye alikuwapo tangu siku ya kwanza. Alipokuwa na miaka kumi kazi yake ilikuwa kushika taa na kupanga skrubu katika sahani kwa mpango zilivyotoka. Alipofika kumi na mbili alihifadhi mpango wa kuwaka silinda, moja, tano, tatu, sita, mbili, nne, akawa akiuimba njiani. Alipofika kumi na nne fundi alimpa kipande cha mpira, akamwambia atie ncha moja sikioni na nyingine katika mdomo wa kabureta, kwani gari hili lina kabureta mbili, na sauti za hewa yake hupasa kulingana. Sikio lililozoea kutofautisha herufi nzito na nyepesi mbele ya mwalimu lilipata kazi hiyo upesi kuliko letu sisi wazee. Na kila kazi ilipokwisha, ni yeye aliyeandika daftarini: tarehe, kilomita, kilichotiwa, bei yake, na jina la duka.

Katika kufanya hivyo tulikuwa na nia ambayo hatukumwambia. Qur-ani haikuamrisha mali ikabidhiwe yatima kwa kufika umri peke yake. Imeamrisha wajaribiwe, na ukionekana kwao uongofu wa akili, hapo wapewe mali zao. Basi tulikuwa tukimtazama.

Siku ya kumjua ilikuja mwaka 2024, naye ana miaka kumi na saba. Palikuwa na arusi ya binti wa ami yake, na jamaa wote walikwisha kubaliana kuwa bwana arusi atachukuliwa kwa gari la marehemu. Nasi tulikubali, kwa kuwa mwenyewe alipenda kumtukuza ami yake, na safari ilikuwa fupi. Ilisadifu kuwa wiki ile ndiyo zamu ya breki. Kijana akafanya kazi peke yake, sisi na fundi tumekaa pembeni. Alipoivua ngoma ya gurudumu la nyuma la kushoto, akakiinua kifuniko cha mpira cha silinda ya breki, akaona majimaji. Hayakuwa yakitiririka; ulikuwa ni unyevu tu kama wa jasho. Akatuita tukatazama. Fundi hakusema neno, nasi hatukusema.

Kijana akanawa mikono, akaenda kwa ami yake. Ami akasema: “Mwanangu, breki za mbele ni nzima, na safari yenyewe ni ya mtaa wa pili. Watu wamekwisha ambiwa.” Kijana akajibu: “Ami, nakuomba radhi. Gari ni langu, lakini roho ya bwana arusi si yangu.” Ami akaghadhibika, akaja kwetu akataka tumlazimishe. Tukamwambia: “Ndugu yetu, miaka minane twangoja tuone kama kijana huyu ana akili ya kushika mali yake. Leo ameionyesha, nawe wataka tumfundishe kuiacha?” Bwana arusi akaenda kwa gari la kukodi, na arusi ikafana. Kipuri kikapatikana baada ya wiki tatu. Ami alikaa siku kadhaa hasemi nasi, kisha siku moja akaja mwenyewe uani, akaomba aonyeshwe ile silinda iliyovuliwa. Akaigeuza mkononi, akaona kutu iliyoanza kuitafuna kwa ndani. Akasema “Alhamdulillahi,” akamshika kijana bega.

Mwaka 2025 kijana alitimiza miaka kumi na minane. Tukawaita mama yake, ami yake, fundi, na watu wawili wengine wa mtaani wawe mashahidi. Daftari likasomwa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hesabu za miaka tisa, na kazi hiyo ilitutwaa kutoka baada ya laasiri mpaka karibu na magharibi. Hakuna mwaka uliouvuka mpaka wa robo. Funguo, hati ya gari, kitabu chake na salio la kodi vikakabidhiwa, na mashahidi wakatia sahihi.

Kijana akatuuliza mbele ya watu: “Maalim, na nikiliuza, utachukia?” Tukamjibu kuwa jana swali hilo lilikuwa letu, na leo ni lake. Akiliuza kwa bei ya haki akalipa ada ya chuo cha ufundi anachokitamani, atakuwa hakumkosea baba yake. Na akiliweka, basi zamu ya mwezi ujao yamngoja. Hakuamua siku ile, nasi tulifurahi kwamba hakufanya haraka.

Ndugu zetu wasomaji, si kila nyumba ina gari la namna hii, lakini ni chache zisizo na mali ya mtu mwingine: nyumba ya warithi iliyo katika mkono wa kaka mkubwa, shamba la minazi la dada aliyeolewa mbali, chombo cha uvuvi cha watoto waliofiwa. Mali hizo hupotea kwa kuibiwa mara chache. Mara nyingi hupotea kwa kuachwa: pao lililooza halikubadilishwa, mpaka haukutazamwa, ubao wa chombo haukutiwa kalafati kwa wakati wake. Na siku ya hesabu huulizwa, “Vipi?” na jibu huwa, “Wallahi, hatukugusa kitu.” Kutogusa huko ndiko kulikoiangamiza.

Basi mwenye kushika mali ya mtu na aweke daftari. Na apange siku za kuitazama, wala asingoje ivunjike. Asijifanyie ruhusa ya kuitumia. Na mtoto mwenye mali awe karibu aone kila linalofanywa, ili siku ya kukabidhiwa asipokee kitu asichokijua. Nanyi vijana, mkiitwa kushika taa na kupanga skrubu katika sahani, msione kuwa ni kazi ndogo. Mwenzenu aliianza hivyo, na siku ilipomfikia alijua la kumwambia ami yake.

Mwenyezi Mungu atusaidie sote katika kutekeleza amana. Amin.